Nahodha Anayekataa

Watu wa Moshi tunaishi kwa safari za watu wengine. Asubuhi yoyote ya msimu, magari yanayoelekea Marangu na Machame hupita na mizigo imefungwa juu, wapagazi, au wagumu kama wanavyoitwa hapa, wamebanana nyuma, na mgeni mmoja au wawili wamekaa mbele wakipiga picha migomba. Hapa Soweto hakuna asiye na ndugu, jirani au mpangaji anayekula kwa mlima. Tunajua safari inavyopangwa, inavyopandishwa bei na inavyoharibika. Ndiyo maana hunishangaza kwamba familia ya hapa ikiamua kuwapeleka watoto baharini, wapande boti na kutazama samaki kwa miwani ya maji, ujuzi wote huo huachwa stendi ya mabasi. Tunachagua kwa picha: boti nyeupe, maji ya bluu, sahani ya kambakochi. Hoja yangu ni kwamba safari ya bahari ya kifamilia ipimwe kwanza kwa utayari wa nahodha kukataa. Akatae kung'oa nanga upepo ukichafuka, akatae abiria wa ziada, akatae mtoto (au baba yake) asimame juu ya matumbawe. Boti ni ya aina gani, hilo linafuata baadaye.

Tuanze na bahari ipi. Kwa hesabu ya kilomita, pwani ya Mombasa haiko mbali na sisi: unapita Himo, unavuka mpaka Holili, unashika Taveta, Voi, unateremka. Barabara ya Taveta hadi Voi sasa ni lami, na kusini mwa Mombasa, Shimoni, kuna hifadhi ya Kisite-Mpunguti ambako majahazi hupeleka familia kutazama matumbawe na kisha kula kisiwani Wasini. Safari nzuri, ila mpaka una mambo yake ukiwa na watoto wanne na nyaraka za watoto wawili. Unguja nayo ina kila kitu, lakini lazima kwanza ushuke Dar es Salaam, uvuke, upate pa kulala, na bajeti inaisha kabla mtoto hajalowa. Mimi natetea Pangani: Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, halafu unaacha barabara kuu ya Tanga na kuteremkia baharini. Basi linalotoka Moshi alfajiri hukuweka ukanda huo kabla jua halijazama.

Natetea Pangani pia kwa sababu maji yanayopita mlangoni kwetu yanaishia huko. Mito ya Karanga, Weruweru, Kikafu na Rau hushuka kutoka mlimani, maji yake yakaelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto mmoja hufuata miguu ya Upare na Usambara hadi Bahari ya Hindi. Udongo wetu unafika Pangani. Takataka zetu, zile ambazo mabwawa hayakuzinasa, nazo zinafika. Kahawa yetu iliijua njia hiyo mapema. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, na gunia lililotoka Kibosho liliiona bahari miaka mingi kabla ya mtu aliyelilima. Ni haki basi wajukuu wa mkulima huyo wakaone mzigo ulikuwa unakwenda wapi.

Sasa boti. Matangazo ya safari hizi yanaipenda sana katamarani, ile boti ya bodi mbili nyembamba zilizounganishwa kwa sakafu pana. Sifa zake ni za kweli. Chombo cha bodi moja hulala ubavu upepo ukikamata tanga. Katamarani, kwa kuwa bodi zake zimeachana, hukaa wima, na mtoto wa miaka sita anaweza kumaliza chapati yake bila sahani kumkimbia. Haina mkuku mrefu, kwa hiyo huingia maji ya kina kifupi karibu na miamba. Wala si chombo kigeni kwetu. Zile boti ziendazo kasi za Azam kati ya Dar es Salaam na Unguja, zinazobeba jina la mlima wetu, Kilimanjaro, ni katamarani, na zimeundwa Australia. Maelfu ya watu wa Moshi wameshapanda katamarani bila kuambiwa, na baadhi yao wametapika humo, maana upana wa chombo hauyaondoi mawimbi ya kusi.

Pwani yetu ilikwisha kulitatua tatizo la kuyumba kwa njia yake. Ngalawa ni gogo, mara nyingi la mwembe, lililochongwa likawa mtumbwi mwembamba. Juu yake hukatizwa mirengu miwili, na pande zote mbili, mwisho wa mirengu, hufungwa matengo yanayogusa maji. Ngalawa ikiinama kushoto, tengo la kushoto husukumwa na maji na kuirudisha. Wanahistoria wa bahari huuhusisha ufundi huu na mabaharia waliotoka Asia ya Kusini-Mashariki, wa jamii ileile iliyohamia Madagaska zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Katamarani za leo nazo zimechukua mengi kutoka kwenye mitumbwi pacha ya Pasifiki, ambayo ni kazi ya mikono ya jamii hiyohiyo. Anayekuambia kwamba ngalawa ni ya kizamani na katamarani ni ya kisasa amekosea hesabu ya ukoo. Hata hivyo sisemi kila familia ipande ngalawa. Inabeba wachache, haina kivuli, na utaloa. Ukiwa na bibi au mtoto anayenyonya, chukua chombo kipana chenye turubai.

Ila umbo la chombo halijawahi kumwokoa abiria aliyepakiwa kupita kiasi. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria Mei 1996. MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. MV Nyerere ilipinduka Septemba 2018 ikiwa inakaribia gati ya Ukara, mchana, watu wa nchi kavu wakitazama. Meli moja baharini na mbili ziwani, moja iliyokuwa inakwenda mbali na nyingine kivuko cha safari fupi. Kilichofanana ni watu kuzidi uwezo wa chombo, na mwenye mamlaka ya kusema wametosha hakusema. Najua kulinganisha boti ya watu kumi na meli ya mamia kunaweza kuonekana kutia chumvi. Lakini uamuzi ni uleule, na katika boti ndogo unafanywa na mtu mmoja, ufukweni, akiwa ameshikwa mkono na mteja anayemwambia, "Mzee, huyu ni shemeji yangu tu, atakaa hapo pembeni."

Sheria inamsaidia nahodha anayetaka kusaidiwa. Tanzania Bara, Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) hukagua vyombo vidogo na kuvipa leseni, na Zanzibar ni kazi ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kila siku. Mzazi ana haki ya kuuliza chombo kimeruhusiwa kubeba wangapi, kisha kuhesabu vichwa mwenyewe. Ana haki pia ya kukagua jaketi okozi, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Boti huwa na jaketi za kutosha kwa idadi, lakini zote za watu wazima. Mvalishe mtoto, funga mikanda yote, kisha shika jaketi mabegani umnyanyue kidogo. Ikipanda hadi masikioni huku mwili umebaki chini, majini itamvuka kabisa. Nahodha asiye na jaketi ya mtoto na bado yuko tayari kumbeba mtoto, huna haja ya kumuuliza swali la pili.

Maziwe ndiyo sehemu inayofundisha jambo hili vizuri kuliko zote, kwa sababu pale bahari yenyewe ndiyo hupanga ratiba. Iko nje ya pwani ya Pangani, mkabala na Ushongo. Miaka ya 1960 kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kilitambuliwa kuwa miongoni mwa mazalia makubwa ya kasa nchini. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa cha kuushika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki ni fungu la mchanga mweupe linaloibuka maji yakipwa na kufunikwa yakijaa, na matumbawe yanayolizunguka. Kasa bado wanarudi kutaga, na mayai huhamishiwa ufukwe wa Ushongo, maana yakiachwa yatafunikwa na maji. Mtoto wa Moshi aliyezoea kusikia kwamba barafu ya mlima wetu inapungua (wanasayansi waliopima wamekadiria kuwa asilimia 85 ilipotea kati ya 1912 na 2007) ataelewa haraka akionyeshwa mahali ambapo kisiwa kizima kiliondoka ndani ya umri wa babu yake.

Kwa hiyo Maziwe huendi saa unayotaka. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani hii hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita nne. Wiki moja baadaye, maji mafu, saa zimegeuka na tofauti imepungua, na fungu linaweza lisikupe hata nafasi nzuri ya kutandika mkeka. Nahodha anayejua kazi atakuuliza unakuja tarehe ngapi kabla hajakutajia bei. Anayekuambia mtaondoka muda wowote mtakaofika ama hajui anakokupeleka, ama anajua na hajali. Msimu nao una kauli yake. Wakati wa masika mto humwaga udongo wa milima yote hiyo baharini, na kwenye miwani utaona chai ya maziwa. Kusi ya Juni hadi Agosti huinua mawimbi, nayo ndiyo likizo ya katikati ya mwaka. Inabaki Desemba, kaskazi ikianza, bahari ikiwa na utulivu zaidi asubuhi. Tatizo ni kwamba Desemba ukoo wote unarudi Kilimanjaro, na anayeondoka Moshi tarehe 23 kwenda kuogelea ataulizwa maswali hadi Pasaka. Nenda shule zikifungwa tu, kabla wageni hawajaanza kushuka na mbuzi hajanunuliwa.

Matumbawe ndiyo sehemu ambayo kukataa kunaonekana kama uchoyo. Mtoto amesafiri siku nzima, anaona kiti cha pweza chekundu chini ya maji, na mtu anamwambia asikiguse wala asikanyage chini kukifikia. Kwa nini? Kwa sababu tumbawe ni mnyama, amejenga jiwe hilo kwa milimita chache au sentimita chache kwa mwaka, na kisigino kimoja huvunja kazi ya miaka. Pwani ya Tanga ilikwisha kuteseka kwa baruti za wavuvi haramu, na joto la bahari la mwaka 1998 liliyachoma matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi magharibi hadi yakageuka meupe. Yaliyosalia hayana ziada ya kukanyagwa. Afadhali mtoto alale kifudifudi juu ya maji, uso chini, mrija mdomoni, asitie mguu popote. Atakachopata hivyo hakipati aliyesimama. Masikio yakiwa ndani ya maji atasikia mlio wa kukwaruza; hao ni pono wanaoguguna jiwe kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, wakila mwani na kumeza chembe za tumbawe. Akimfuata mmoja kwa macho kwa dakika chache atamwona akiachia nyuma wingu jeupe, nalo ni mchanga. Sehemu ya fukwe anazojengea mahekalu imepita katika matumbo ya samaki huyo. Hakuna mtoto wa darasa la tatu atakayelisahau hilo.

Ushahidi kwamba mipaka huzaa safari bora uko Unguja, pande zote mbili. Chumbe, kisiwa kidogo chenye mnara wa taa wa mwaka 1904, kilitengwa kuwa hifadhi ya matumbawe mwaka 1994 chini ya usimamizi binafsi. Vyumba vya wageni ni saba tu, kuzamia kwa mitungi ya hewa hakuruhusiwi, walinzi wake wa kwanza walitoka miongoni mwa wavuvi, na watoto wa shule za Zanzibar hupelekwa huko kujifunza. Matumbawe yake yanatajwa miongoni mwa yaliyo salama zaidi katika pwani hii. Upande wa pili iko Mnemba, ambako maji ni mazuri vilevile, lakini katika msimu wa wageni boti hujipanga ubavu kwa ubavu, injini zikinguruma, na vichwa vya watu kwenye maji ni vingi kuliko samaki. Kizimkazi ni hivyohivyo kwa pomboo: boti hushindana kuwakimbiza, na watafiti walioyachunguza makundi hayo wamekuta kwamba boti za watalii huwaharibia pomboo mwenendo wao, ikiwemo muda wa kupumzika. Mteja wa Mnemba na Kizimkazi hakunyimwa kitu. Aliruhusiwa kila alichotaka, na kila mwingine pia aliruhusiwa, na matokeo ndiyo hayo.

Hapa mlima unatufaa. Kila mtu Moshi anajua kwamba kampuni inayouza Kilimanjaro kwa bei ya chini sana imepata punguzo hilo mahali fulani: kwenye siku za kupanda, kwenye chakula, au kwenye mshahara wa mgumu. Siku zikipunguzwa mwili haupati muda wa kuzoea hewa nyepesi, na mgeni anarudishwa kwa machela. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na hupimwa getini, kwa sababu bila mizani mtu mwenye njaa atakubali kubeba 30. Yaani tulikwisha kugundua kwamba kukataa kuna gharama, na kwamba gharama hiyo ikiachwa mabegani mwa mnyonge hatakataa kamwe. Nahodha wa Pangani yuko palepale alipokuwa mpagazi kabla ya mizani. Asipoondoka leo, hana hela leo. Mafuta ameshakopa. Mteja anamsukuma kwa sababu tiketi ya basi la kurudi ni ya kesho. Kumtaka mtu huyo awe jasiri bila kumlipa ni kumtaka afe njaa kwa ajili ya usalama wetu.

Ndipo pingamizi la bei linapoingia, na ni pingamizi la haki. Watasema safari hizi ni za wazungu, mwalimu wa shule ya msingi hawezi. Nakubali nusu. Mtanzania hulipa viingilio vya hifadhi kwa shilingi, kiasi kidogo mno kuliko mgeni, na boti moja ikigawanywa kwa familia mbili au tatu za mtaa mmoja inaanza kuingia mfukoni. Kinachobaki ghali ni nauli na malazi, na ninachodai mimi kinaiongeza gharama hiyo badala ya kuipunguza: siku moja ya akiba. Ukipanga kulala Pangani usiku mmoja, umemnyima nahodha nafasi ya kusema leo hapana. Ukipanga mbili, umemnunulia. Kwa familia isiyoweza siku hiyo ya pili, ushauri wangu ni mgumu kidogo: subirini mwakani. Mchango wa vikoba unaotolewa kwa sare za harusi unatosha kuanza.

Wengine watasema watoto wetu hawajui kuogelea, kwa hiyo habari ya matumbawe tuwaachie watu wa pwani. Kwanza, watoto wengi wa pwani nao hawajafundishwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi. Mtoto wa mlimani anayekua kando ya mifereji na mabwawa hayuko nje ya hesabu hiyo. Kutokujua kuogelea ni sababu ya kuanza mapema, katika maji yaliyotulia. Chemka, kule Kikuletwa wilayani Hai, maji ni vuguvugu na meupe hadi unaona mizizi chini, na familia za Moshi zimejaa pale kila Jumapili. Mvalishe mtoto jaketi, kaa naye pembeni penye kina kifupi, azoee kupumua kwa mdomo na uso majini bila kuogopa. Na maji hayo ya Chemka, ukiyafuata, yanakwenda Nyumba ya Mungu, kisha Pangani. Atakuwa ameanza safari bila kujua.

Lipo pingamizi la tatu, la wale wanaoona masharti yote haya yanaiua raha. Mtu amelipia likizo, kwa nini aongozwe kama mtoto wa bweni? Nadhani raha ya mzazi kwenye boti inategemea jambo moja: kwamba kuna mtu mwingine anayehesabu. Baba anayehesabu vichwa vya watoto wake kila dakika, akitazama mawingu asiyoyajua kuyasoma, hajapumzika. Nahodha mkali akisema wote watoke majini, upepo umegeuka, baba huyo anakula pweza wake kwa amani. Wageni wanaopanda mlima wetu wanaambiwa "pole pole" tangu getini hadi kileleni, na sijawahi kuona mmoja aliyedai kurudishiwa hela kwa sababu aliongozwa.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela ya kutangulizia kwa simu, zungumza na nahodha mwenyewe, si dalali wa ufukweni. Msalimu, mwambie tarehe na umri wa watoto, kisha muulize: upepo ukichafuka asubuhi hiyo, hela yangu inakuwaje, na wewe unapata nini? Akikuambia mtasogeza siku, au atabaki na sehemu ya mafuta na kukurudishia iliyobaki, mpe kazi, na umwongeze kitu kidogo kwa ajili ya siku ambayo hatang'oa nanga. Akikujibu kwamba bahari haijawahi kumshinda, mshukuru, kata simu, tafuta mwingine.